Kabla Bibi Yako Hajatia Dole

Sauda mwanangu,

Leo salamu hazina kazi. Kwamba wewe ni mzima najua, maana asubuhi umekula mihogo yako, ukala na yangu, ukaenda zako Mahurunga kumchukua bibi. Kwamba mimi ni mzima, utanisikia mwenyewe ukirudi jioni kabla hujafika hata kona ya nyumba. Nakuandikia kwa sababu mimi na wewe tukikaa kuzungumza hatufiki mbali. Mimi nitakutania, wewe utanijibu, mama yako atacheka huko jikoni, na jambo lenyewe litabaki limesimama mlangoni kama mgeni aliyenyimwa kiti.

Mwandiko uuvumilie. Shule niliiacha darasa la sita, na sidhani kama mwalimu wangu alilia. Lakini usinidharau kwa hicho cheti chako cha ushonaji. Mtu akipita barabarani mimi nakutajia kifua chake na kiuno chake bila kushika futi, na nikikosea, basi huyo mtu alivuta pumzi makusudi.

Mambo ya kula vizuri, kuswali, kujihadhari na wanaume wa Dar es Salaam, hayo sitayagusa. Hotuba yake anayo mama yako, na utaisikia mpaka basi liwashe moto. Mimi nina neno moja tu, la mikorosho ya bibi yako.

Kesho alfajiri, kabla ya basi, yule mfanyabiashara atakuja hapa kibarazani na karatasi zake. Masharti nayajua. Yeye anakupa cherehani tatu za umeme na majora ya vitenge ya kuanzia. Wewe unapanga chumba Sinza na shoga yako, unashona magauni, unabandika lebo yako ya "Mwali". Yeye anavuna mikorosho ya bibi misimu mitatu. Bibi anatia dole, mimi natia sahihi ya shahidi, picha imekwisha. Kila mtu kafurahi. Mimi tu tangu juzi chakula hakipiti, na mama yako anadhani ni meno.

Kwanza hilo jina. Mwali ni jina zuri, nimechukia kwa nini sikulifikiria mimi. Langu lilikuwa "Dula Staili". Usicheke. Miaka ile ya tisini lilikuwa jina la maana, na Dula mwenyewe alikuwa kijana wa maana, suruali imenyooshwa mpaka nzi akitua anateleza. Wewe ulikuwa umeng'oka meno ya mbele, unashinda chini ya meza yangu ukiokota vifungo.

Wakati huo mitumba ndiyo ilikuwa imejaa soko zima. Koti la Ulaya lilikuwa bei ndogo kuliko kitambaa cha mikono yake. Mafundi wenzangu wote wa Chuno waliona mapema, wakageuka kuwa watu wa kupunguza viuno na kukata miguu ya suruali za watu waliokufa huko kwao. Mimi nikawacheka. Nikawaambia, "Nyinyi ni mafundi viraka. Mimi ni mbunifu." Na mbunifu, Sauda, kitu cha kwanza alichonunua ni lebo. Kabla ya kitambaa. Alipita jamaa mmoja kutoka Dar, akasema lebo chache yeye hafumi, labda nichukue nyingi. Nikachukua gunia. Mama yako akalifungua, akatazama, akaniuliza:

"Na mashati yenyewe yako wapi?"

"Yanakuja."

"Yanatoka wapi?"

"Kichwani."

"Basi zibandike kichwani."

Mama yako alikuwa hivyo hivyo tangu zamani. Zile lebo zilizobaki, na zilibaki karibu zote, ndizo alizozishindilia kwenye mto wako. Umelala utoto wako wote juu ya jina langu na hukuwahi kulalamika.

Mashati nilishona. Nikayatundika kibarazani, watu wakasimama wakayashika. "Dula, wewe unajua bwana!" Wakishasema hivyo wanavuka barabara kwenda kununua mtumba. Waliochukua ni marafiki, nao walichukua kwa maneno: "Nikilivaa nakutangaza." Nikatangazwa kweli. Kibaraza kilijaa watu kutwa nzima, nikawa nalala nikijua nina biashara, kumbe nilikuwa na baraza tu.

Na hata yale niliyouza nilikuwa sijui kuyahesabu. Nilichukua bei ya shati nikaondoa bei ya kitambaa, kilichobaki nikakiita faida, nikanunua samaki. Mkaa wa pasi sikuuhesabu. Uzi, vifungo, sindano zilizovunjika, kodi ya kibaraza, hakuna. Mikono yangu sikuilipa hata senti, nilidhani ni ya bure kwa sababu nimezaliwa nayo. Kwa hiyo kila shati lililotoka lilinichukulia kidogo, na siku ambazo niliuza mengi ndizo nilizorudi nyumbani naimba. Wewe najua utayaandika hayo yote, umefundishwa. Lakini andika na mikono, Sauda. Hilo hata waliosoma naona wanalisahau.

Halafu akili ikanijia, na nilipoipata nilijiona nimemshinda kila mtu. Robota la mitumba lina kila kitu, ila halina magauni arobaini yanayofanana. Unanifahamu? Sare! Mtumba hauwezi sare. Na hapa kwetu nani anataka sare kuliko wanawake wa ngoma? Wewe ulichezwa unyago, unajua wasichana wanapotolewa kunavyokuwa. Upande wa mama wa mwali na sare yao, upande wa baba na sare yao, na kila upande unaficha kitenge chake kama siri ya vita mpaka asubuhi ya siku yenyewe. Nikasema, soko langu ndilo hili.

Vitenge vizuri vilikuwa vinatoka ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Muuzaji akaniambia hivi: ukitaka jora moja la ua hili na jora moja la ua lile, bei yake hii. Ukichukua robota zima la ua moja, bei inashuka hivi. Iliposhuka hivyo mimi nikalewa. Nikaanza kutafuta hela ya robota zima.

Mikorosho ya bibi yako ilikuwa imetoa maua. Desturi ya kuuza korosho zikiwa bado maua unaijua, tajiri anatoa hela kidogo leo, mavuno yakija ni yake. Nikaenda Mahurunga, nikachutama mbali kama mkwe anavyotakiwa, macho chini, heshima tele. Nikamwambia, "Mama, niruhusu niuze maua. Hela nitakurudishia mimi kabla ya mvua, na ya juu nitakuongezea, uweke bati."

Bibi yako alikuwa anachambua kunde. Akaniuliza swali moja.

"Mkwe, hizo nguo zina watu?"

"Zina watu, Mama. Wamejaa mpaka barabarani."

"Basi chukua."

Sikuwa na mtu hata mmoja, Sauda. Nilikuwa na baraza.

Robota lilipokuja likachukua nusu ya chumba chetu. Ua lake lilikuwa jekundu, kubwa kama sinia, pembeni rangi ya manjano. Akaja Bi Fatu wa Likombe, mama mkubwa wa mwali mmoja aliyekuwa anatolewa Desemba ile. Akaingia kama askari.

"Dula, nataka kitenge ambacho mashangazi zake hawataota hata ndotoni."

"Mama, hiki kimefika jana. Mtwara nzima hakuna."

"Apa."

Nikaapa. Na siku ile ilikuwa kweli. Akaondoka bila kuacha hata shilingi, akasema korosho zikilipwa watalipa siku ya ngoma. Nikasema hakuna shida, Mama. Yaani mimi na "hakuna shida" tulikuwa ndugu.

Ukapita mwezi, chumba bado kimejaa. Na hili ndilo nataka ulishike, mengine yote ukiyasahau sitanuna. Kitambaa kikikaa ndani kinasema. Unakula, kinakutazama. Unalala, kinakwambia niuze, niuze, kwa yeyote yule. Na kikiwa kimenunuliwa kwa mavuno ya mtu mwingine kinapiga kelele. Akaja Bi Zena wa hapa hapa Chuno. Shangazi wa mwali. Mwali yule yule.

Nilijua. Nisikudanganye hapa nikasema nilichanganyikiwa. Alitaja jina la mtoto, nikalisikia vizuri, nikaendelea kukunjua jora. Kichwani nilikuwa nimeshapata jibu, na jibu lenyewe lilinipendeza: Bi Fatu nitamshonea magauni ya mabega ya puto, Bi Zena nitamshonea blauzi na sketi za marinda. Mishono miwili mbalimbali kabisa. Mimi si mbunifu? Watu watatazama mshono! Ndivyo nilivyoamini, na sikuamini kwa wizi tu. Niliamini kwa majivuno. Nilidhani kazi ya mikono yangu ina nguvu ya kufanya kitambaa kimoja kiwe viwili.

Siku ya ngoma nilikwenda mwenyewe Likombe. Nilivaa shati langu, lebo nimeishonea nje, juu ya mfuko, nisifiwe. Ngoma zinapigwa, watu wamejaa. Likombe wakatokea upande wa nyumba ya mama, wekundu, wanameremeta. Chuno wakatokea barabarani, wekundu, wanameremeta. Ua kubwa kama sinia huku, ua kubwa kama sinia kule. Wapiga ngoma waliacha mmoja mmoja.

Bi Zena akaweka mkono kiunoni. "Haya! Nani kanivalia nguo yangu?"

"Yako?" Bi Fatu akajipiga bega. "Yako ina mabega haya?"

Nikaona mlango wa kutokea. Nikaruka mbele kama mwendawazimu. "Semeni jamani! Mishono ni mbalimbali!"

Akanijibu bibi kizee mmoja, simjui hata jina mpaka leo. "Mwanangu, tuko hapa uwanjani. Mshono unaonekana kutoka hapa?"

Mwe! Kicheko kilichopigwa pale, ningekuwa na akili ningekimbia. Nikabaki. Wakanitungia wimbo papo hapo, wa fundi mwenye ua moja na midomo miwili. Na ajabu yake, zile pande mbili zilizokuwa zishikane nywele zikaungana, zikanizunguka, zikacheza pamoja mpaka jasho. Mwali akatolewa vizuri sana. Wanasema haijawahi kuwa na ngoma tamu kama ile.

Kesho yake nikaenda kudai. Bi Fatu akasema, "Si umeshonea ngoma moja? Kadai Chuno." Nikaenda Chuno. Bi Zena akasema, "Kadai Likombe." Nikaenda na kurudi mpaka mbwa wa njia ile wakawa hawanibwekei tena. Hakuna aliyelipa. Na kuwashitaki nisingeweza, maana nilikuwa nimeapa.

Haya, kucheka tumecheka. Sasa sikiliza.

Watu wa tajiri walikuja Mahurunga kuchukua korosho. Mimi nilikuwepo, sikupata pa kujificha. Walipakia magunia, bibi yako amesimama mlangoni na khanga yake, anatazama mavuno ya mikorosho aliyoachiwa na mama yake yakipanda gari. Mvua zikaanza, bati hamna, makuti ya zamani yanavuja juu ya kitanda. Nikaenda na nailoni kuziba. Nikapanda juu, yeye akanishikia ngazi. Mwaka ule alikula mihogo mitupu, na hata hiyo alitutumia sisi huku. Uliila wewe.

Nikiwa juu ya ngazi pale, akasema, "Mkwe. Ile nguo niliiona Likombe, siku ya ngoma. Ilikuwa nzuri."

Angenitukana ningepona. Tangu siku ile sijamtazama bibi yako usoni. Mama yako anadhani ni adabu ya ukwe, hunisifia kwa wenzake: mume wangu anajua heshima. Mimi nanyamaza, nasifiwa.

Na sasa yule yule bibi yako ameambiwa mjukuu wake anataka kuanza biashara ya nguo, amesema tena: basi chukua. Juzi ulipokuja kunipa habari ulikuwa unaruka, nikakutania, nikakuuliza kama utanishonea suti ya bure. Nilitaka kusema haya. Ikatoka suti.

Jibu lako nalijua. "Baba, wewe ulifeli kwa sababu ulikuwa fundi wa kibarazani. Siku hizi kuna simu, kuna maduka, kuna harusi za Dar kila Jumamosi." Sawa. Labda. Una mkono mzuri kuliko wangu, na hilo nimeliandika mara moja tu, sitalirudia hata ukinishitaki. Lakini siku uliponionyesha ile michoro yako nilikuuliza kimzaha, nani amekuagiza gauni hili? Ukasema, "Watakuja wakiliona." Nikasikia sauti yangu inatoka kwenye mdomo wako.

Misimu mitatu kwa umri wako ni muda wa kujaribu. Ukianguka, utasimama, utaolewa, utaajiriwa, utanisumbua mimi. Bibi yako misimu mitatu ni mingi. Anaweza asione wa nne. Atakuwa amekula mihogo yake ya mwisho akisubiri Mwali.

Kuna jambo lingine, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Sijui kama namhurumia bibi au nakuonea wewe wivu. Nimejiuliza mara nyingi. Inawezekana utafika Dar, magauni yatatoka kama maandazi ya asubuhi, utamjengea bibi nyumba ya bati kabla ya msimu wa pili, na mimi nitabaki yule baba aliyetaka kuzuia gari. Inawezekana moyoni sitaki binti yangu afike pale ambapo Dula Staili hakufika. Nimelichungulia hilo, nimekuta limo, kidogo. Nisingekuandikia kama ningelificha. Lakini hata nikilitoa, lile gari la magunia bado naliona.

Kitu nilichonacho ni hiki. Wale wanakwaya wa hapa Chuno, walimu na watu wa bandari, wengi wageni kutoka Mbeya na Kilimanjaro, wanataka sare za Krismasi. Kitambaa wamechagua wenyewe, wamekinunua wenyewe, na nusu ya ushonaji wamelipa. Nimewaambia atashona binti yangu, nao wamekubali, vipimo nimevichukua. Cherehani utaazima kwa shoga yako huko Sinza, sare utazituma kwa basi. Najua ni kidogo. Mbele ya cherehani tatu za umeme ni aibu hata kuitaja. Lakini nguo hizo zina watu, Sauda, hata moja haijakatwa na tayari zina watu. Ukimaliza hizo utajua bei ya mikono yako, na utatafuta nyingine za namna hiyo, polepole, kwa jina lako hilo zuri. Ukikosa, utakuwa umepoteza muda wako mwenyewe. Huo una haki ya kuupoteza.

Kukukataza siwezi. Mikorosho si yangu, ni ya ukoo wa mama yako, mimi hapo ni mkwe tu. Mwali nayo ni yako. Lakini sahihi ni yangu. Kesho karatasi ikifika kwangu, nitamtazama bibi yako usoni na nitasema, "Mama, mimi hapa sitii sahihi." Nikishasema hivyo nitanyamaza, na mnanijua, kunyamaza kwangu ni kazi ngumu kuliko kushona koti. Mtaamua nyinyi wawili. Huyo bwana akitaka anaweza kumtafuta shahidi mwingine hapo mtaani, watu wa kushuhudia hawakosekani kukiwa na chai.

Unaweza kupanda basi bila kuniaga. Nimeshaliwaza hilo nikiandika, kila mstari. Ukifika, piga simu ya mama yako, usipige yangu kama bado umekasirika. Mimi nitakuwa hapo karibu naye, nimeshika kitambaa cha mtu, najifanya sisikilizi.

Wako asiyelala,
Baba yako, Dula, Chuno